Kadi ya Kamongo

Kila Ijumaa, baada ya kengele ya mwisho, wanafunzi wa klabu ya mazingira katika shule moja ya msingi kule Bweri, mjini Musoma, walibaki nyuma. Walichota maji kisimani, wakamwagilia miche waliyoipanda kando ya uwanja, wakang'oa magugu. Kazi ikiisha, Mwalimu Dafroza alitoa kwenye mkoba wake pakiti ndogo za kadi na kumpa kila mmoja ya kwake. Kadi hizo zililetwa shuleni na mradi wa mazingira ili watoto wawajue viumbe wa mkoa wa Mara. Watoto wenyewe walizipenda kwa sababu nyingine: zilikuwa na mchezo wake.

Bhoke wa darasa la sita hakukosa Ijumaa hata moja. Alikuwa na miaka kumi na miwili, msichana mwembamba mwenye macho ya kudadisi, na siku zote aliketi na rafiki yake Gaudensia. Walikuwa wakigawana dawati tangu darasa la kwanza. Wakipewa pakiti zao walizifungua pamoja, wakawa wanabadilishana kadi hapohapo chini ya dirisha la ofisi.

Mchezo wenyewe haukuwa mgumu. Wachezaji wawili, kila mmoja na kadi zake kumi na mbili, waliweka kadi mezani kwa zamu, moja moja. Kila mnyama alikuwa na namba pembeni ya kadi. Kiboko alikuwa na kumi, mamba tisa, sangara nane. Kwa wanyama wa nchi kavu, tembo alikuwa na kumi, simba tisa, nyati saba. Kadi zote zikiisha mikononi, kila mmoja alijumlisha namba za wanyama wake waliobaki mezani, na mwenye jumla kubwa ndiye mshindi.

Wanyama walibaki au hawakubaki, maana kulikuwa na kadi za kuwaondoa. Mvuvi alimchukua mnyama mmoja wa mpinzani. Mafuriko yaliwafagia wanyama wote wa nchi kavu, wa pande zote mbili. Ukame uliwaondoa viumbe wote wa majini, nao wa pande zote mbili. Kwa sababu hiyo Ukame haukuwa na wapenzi. Nani atake kumwondoa kiboko wake mwenyewe?

Lakini kadi iliyodharauliwa kuliko zote ilikuwa ya kamongo. Picha yake ilionyesha samaki mrefu kama nyoka, mwenye mapezi kama kamba, na namba yake pembeni ilikuwa mbili tu. Watoto walipompata kwenye pakiti walisonya. Mwanafunzi mmoja aitwaye Jofrey alikunja kamongo wake mara nne akamweka chini ya mguu wa dawati lililokuwa likiyumba.

"Huyu anatuharibiaga pakiti," alisema Gaudensia siku moja. Yeye alikuwa na kamongo watatu, na mmoja wao alikuwa na doa la wino wa bluu kwenye kona.

Bhoke alikuwa naye mmoja tu. Jioni ile alimtoa mfukoni akiwa amekaa jikoni na mama yake. Mama yake, Euphrasia, alikuwa akiuza samaki sokoni Nyakato, na wakati huo alikuwa akisonga ugali. Bhoke aliisogeza kadi karibu na mwanga wa mlango. Chini ya picha kulikuwa na maneno madogo sana, madogo kiasi kwamba hakuwahi kumwona mtu akihangaika kuyasoma. Akayasoma polepole.

"Ukame ukija, kamongo hujifukia topeni. Geuza kadi hii kifudifudi. Aliyefukiwa havuliwi. Mchezo ukiisha, mfunue."

"Mama," aliuliza, "ni kweli kamongo anajifukia?"

"Kweli kabisa," mama yake alijibu bila kuacha kusonga. "Kwetu kule ufukweni, maji yakikauka kwenye vinamasi, samaki wengine wanakufa wote. Yeye anaingia kwenye tope, analala humo miezi na miezi. Babu yako alikuwaga akilima bondeni, jembe linagonga kitu, kumbe ni kamongo mzima anapumua. Kwa nini unauliza?"

"Tunamsoma shuleni," Bhoke alisema, lakini akili yake ilikuwa imeshakwenda mbali.

Alipomaliza kula alipanga kadi zake kwenye mkeka, akacheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Aliwaweka kamongo na samaki wengine mezani, mwishoni akatupa Ukame. Viboko waliondoka, mamba waliondoka, sangara waliondoka. Kamongo akabaki. Mbili dhidi ya sifuri ni ushindi sawasawa na arobaini dhidi ya thelathini. Tena mpinzani akiona umeanza na kamongo atacheka, atajua huna kitu, atamwaga majini kadi zake zote kubwa. Na hata akiwa na Mvuvi mkononi, Mvuvi hawezi kumgusa aliyefukiwa.

Bhoke alianza kuhesabu. Kanuni ziliruhusu kamongo mpaka wanne. Yeye alikuwa na mmoja, na alijua fika watatu waliobaki wako wapi.

Kesho yake asubuhi walikutana njiani kuelekea mtoni kufua nguo.

"Gaude," Bhoke alisema, akijitahidi sauti yake iwe ya kawaida, "wale kamongo wako watatu, nipe mimi."

"Wa nini?"

"Hawana kazi yoyote. Nataka niwaweke kwenye madaftari kama alama, nijue nimeishia wapi."

Gaudensia alicheka, akawatoa kwenye mfuko wa sketi. "Chukua. Tena umenipunguzia mzigo."

Ilikuwa rahisi hivyo. Bhoke aliwapokea, na kwa kitambo kidogo alishindwa kumtazama rafiki yake usoni.

Wiki mbili baadaye Mwalimu Dafroza alitangaza kwamba shule tatu, moja ya Musoma, moja ya Bunda na moja ya Butiama, zitakutana Butiama kushindana mchezo huo. Shule itakayoshinda itapewa kasha la vitabu vya hadithi. Darasani hakukuwa na aliyeuliza kasha hilo lina maana gani. Kabati la vitabu la shule yao lilikuwa na vitabu kumi na vinane, na vingi havikuwa na kurasa za mwisho. Kila shule ingetoa mchezaji mmoja na msaidizi wake.

Mchujo ulifanyika katika darasa la sita. Bhoke alimshinda Jofrey, akawashinda wengine wawili, na katika mchezo wa mwisho akakutana na Gaudensia, ambaye kila mtu alijua ndiye mchezaji bora wa klabu.

Gaudensia aliweka kiboko, akaweka mamba, akaweka sangara. Mbele yake kulikuwa na zaidi ya arobaini. Mbele ya Bhoke kulikuwa na kamongo wanne na perege wawili wadogo, na wanafunzi waliozunguka dawati walikuwa wameshaanza kunong'ona. Ndipo Bhoke alipoweka kadi yake ya mwisho. Ukame. Akawageuza kamongo wake kifudifudi, akasoma maneno madogo kwa sauti, akawafunua mmoja mmoja. Nane kwa sifuri.

Darasa lililipuka kwa makofi. Gaudensia hakupiga makofi. Alinyoosha kidole akaigusa kadi yenye doa la wino wa bluu.

"Hii ni ya kwangu," alisema.

"Ulinipa mwenyewe," Bhoke alijibu.

"Uliniambia hawana kazi."

Gaudensia alikusanya kadi zake, akazifunga kwa mpira, akatoka. Jumatatu iliyofuata alikuwa amehamia dawati la nyuma.

Bhoke alijiambia kwamba hakufanya kosa. Hakuiba. Hakuvunja kanuni. Lakini njia ya kwenda nyumbani ilikuwa imekuwa ndefu, na wakati wa mapumziko alikula muhogo wake peke yake. Jumapili mama yake alimwuliza mbona Gaudensia haji tena. Bhoke alijaribu kuzungusha maneno, mwishowe akaeleza yote.

"Sikumwibia, Mama," alimalizia.

"Sijasema umeiba. Nimekusikia. Ulimwambiaje ulipomwomba?"

"Nilimwambia hawana kazi."

"Na ulikuwa unajua?"

Bhoke aliinamisha kichwa. "Nilikuwa najua."

Mama yake aliweka chini kisu alichokuwa akiparia samaki. "Mimi nina wateja sokoni wa miaka kumi. Siku samaki si wa leo, nawaambia si wa leo. Wengine wanaondoka, wananunua kwa jirani, inaniuma. Lakini wiki ijayo wanarudi, kwa sababu wanajua mdomo wangu. Gaudensia alikuwa anaujua wako. Sasa haujui tena. Hilo ndilo ulilolichukua, mwanangu, wala si kadi."

Asubuhi Bhoke aliwahi shule. Alimkuta Gaudensia akifagia mbele ya darasa. Akatoa kamongo watatu.

"Nilikudanganya," alisema. "Nilikuwa nimeshasoma maneno ya chini. Nilijua wana kazi kubwa, nikakwambia hawana. Nisamehe."

Gaudensia aliendelea kufagia. Bhoke akamweleza kila kitu hata hivyo, jinsi ya kumweka kamongo mapema ili mpinzani akudharau, jinsi ya kuutunza Ukame mpaka mwisho, na jinsi Mvuvi asivyoweza kumgusa aliyefukiwa. Alipomaliza aliziweka kadi juu ya ukuta mfupi, akaenda ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba mimi na Gaudensia turudie mchezo."

Mwalimu Dafroza alivua miwani. "Marahaba. Kanuni hazikuvunjwa, Bhoke. Jina lako nimeshalipeleka. Hakuna anayekulazimisha."

"Najua, Mwalimu. Lakini nilishinda kwa kadi nilizozipata kwa uongo."

Mwalimu alivaa tena miwani yake. "Na ukishindwa?"

"Nitakuwa nimeshindwa."

Walirudia siku ileile. Bhoke alikuwa na kamongo mmoja tu, na Gaudensia, ambaye sasa alijua siri yote, alimvua kwa kadi ya Mvuvi kabla Ukame haujaja. Halafu akaweka tembo. Mchezo uliisha kwa tofauti ya kumi na tisa. Bhoke alimpa mkono mshindi wake, kisha akaenda nyuma ya vyoo, akalia kidogo, kwa sababu alikuwa ameitamani sana ile safari. Alinawa uso, akarudi darasani.

Gaudensia hakusema naye Jumanne, wala Jumatano. Alhamisi, kengele ya mapumziko ilipolia, alisimama kando ya dawati la Bhoke.

"Naruhusiwa msaidizi mmoja," alisema. "Na una kamongo mmoja. Njoo naye."

Jumamosi gari la mradi liliwafikisha Butiama kabla ya saa nne. Mashindano yalikuwa katika ukumbi wa shule mwenyeji, meza moja katikati na viti kuizunguka. Gaudensia alimshinda mchezaji wa Butiama bila taabu kubwa. Kazi ilikuja alipokutana na mchezaji wa Bunda aitwaye Keraryo, mrefu, mpole, mwenye kuweka kadi zake taratibu kana kwamba zingevunjika. Wangecheza michezo mitatu, mshindi awe wa miwili. Anayeshindwa mchezo mmoja ndiye angechagua nani aanze mchezo unaofuata, na kati ya mchezo na mchezo waliruhusiwa kubadili kadi.

Mchezo wa kwanza Keraryo alishinda. Bunda wanaishi jirani na mbuga, na kadi zake zilijaa wanyama wa nchi kavu. Gaudensia alipoweka Ukame, tembo na simba walibaki wamesimama palepale.

"Ukame peke yake hautoshi kwake," Bhoke alinong'ona. "Sasa atachanganya, nchi kavu na majini, ili usijue umpige wapi. Weka na Mafuriko. Kamongo hasombwi na mafuriko, ni wa majini. Na Ukame haumwondoi. Hakuna mwingine anayevivuka vyote viwili."

Gaudensia alimkodolea macho, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ule mchujo. Alichagua kucheza wa pili, ili kadi ya mwisho iwe yake. Keraryo akachanganya kweli. Katikati ya mchezo Ukame ukaondoa wa majini wake, na mwishoni Mafuriko yakaondoa wa nchi kavu. Kamongo watatu wakafunuliwa. Sita kwa sifuri.

Wakati wa mapumziko mafupi Keraryo alisogea kwenye kiti chao.

"Samahani," alisema. "Ile kadi ya samaki mrefu. Sisi Bunda tunaitupaga. Ina kazi gani hasa?"

Gaudensia akamgeukia Bhoke. Mwamuzi alikuwa mbali, akiandika. Hakuna kanuni iliyowalazimu kujibu. Bhoke angeweza kusema ni bahati tu, au hana kazi, na maneno yale yalikuwa karibu kabisa na ulimi, kwa kuwa alishawahi kuyasema.

"Soma maneno ya chini," alisema, akampa kadi. "Ukame ukija anajifukia. Akishafukiwa, Mvuvi hamgusi. Mafuriko nayo hayamwondoi. Ukitaka kumtoa, mvue mapema. Ukichelewa, tunza mnyama mkubwa umweke mwisho, umpite kwa namba."

Keraryo alisoma, akasoma tena, akarudisha kadi kwa mikono miwili. "Asante sana."

Alipokwisha kwenda, Gaudensia alishusha pumzi. "Umempa kila kitu."

"Ndiyo."

"Haya. Nipe na yule wa kwako, nimtoe perege. Halafu ninyamazie nifikirie."

Mchezo wa tatu ukaanza. Safari hii Keraryo ndiye aliyechagua kucheza wa pili, kwa hiyo kadi ya mwisho ilikuwa yake. Tembo na simba aliwaweka mapema, akabakiza nyati. Nyati alikuwa na saba, na kamongo watatu wakifufuka wote ni sita. Hesabu yake ilikuwa nzuri.

Gaudensia naye aliwaweka kamongo wake kwa kuwatawanya. Wa kwanza alitangulia, wa pili akafuata baada ya sangara, na Keraryo akamwelekeza Mvuvi wake wa kwanza kwa yule sangara, maana nane ni nyingi. Mvuvi wake wa pili akamchukua mamba. Kamongo wa tatu akaja. Mafuriko yakaja, tembo na simba wakaondoka. Halafu Gaudensia akaweka kamongo wa nne. Keraryo alisita, akaangalia mkono wake, akaona Mvuvi amekwisha. Ukame ukafuata.

Meza ilibaki na kadi nne zilizolala kifudifudi. Keraryo aliweka kadi yake ya mwisho taratibu kama kawaida yake. Nyati. Saba.

Gaudensia alifunua. Mbili. Nne. Sita. Ya nne ilikuwa ya Bhoke, na Gaudensia aliisogeza mbele ya Bhoke ili aifunue mwenyewe.

Nane.

Kilichofuata ni kelele za watoto na viti kuanguka. Keraryo alicheka, akawapa mikono wote wawili. "Nimewahesabia watatu," alisema. "Nikirudi nyumbani naokota wangu wote niliowatupa."

Wakati wa kurudi Musoma kasha la vitabu lilikuwa kwenye kiti cha nyuma, kati ya wasichana wale wawili. Gaudensia alikuwa ameshalifungua na kutoa kitabu. Bhoke alikuwa akitazama nje, akiwaza.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "Keraryo angebakiza simba badala ya nyati, tungeshindwa. Na mimi ndiye niliyemwambia abakize mnyama mkubwa."

"Ni kweli," Mwalimu Dafroza alijibu. "Mngeshindwa, na leo kasha lingekwenda Bunda. Kusema kweli hakukuahidi kasha, Bhoke. Usije ukadhani umeshinda kwa sababu ulisema kweli. Mmeshinda kwa sababu mlisoma maneno ambayo wengine wote waliyaruka, na mkafikiri kwa bidii. Hilo nataka mlishike, kwenye kadi na kwenye masomo. Lakini kuna jingine. Ulipomdanganya mwenzio ulikuwa na kamongo wanne na ukakaa dawati peke yako. Leo mlikuwa nao walewale wanne, tena siri yenu mmeigawa kwa mpinzani, na mmerudi wawili. Akili ya mchezo unaweza kuitumia na watu au dhidi yao. Ukiitumia kwa uongo, unabaki na kadi tu."

Bhoke aliitikia kwa kichwa. Gaudensia alikisogeza kitabu katikati ili wote wawili waone, akarudi ukurasa wa kwanza.

Walishuka penye kona ya Bweri jua likiwa bado juu. Kasha lilikuwa zito. Bhoke alishika upande mmoja, Gaudensia akashika mwingine, wakaanza kupanda njia ya kwenda shuleni, wakibishana nani asome kipi kwanza.